Punda anachechemea, kidonda hakionekani

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Nina punda dume wa miaka kama saba, kazi yake kubeba mchanga na matumbawe kutoka ufukweni hadi kwenye nyumba zinazojengwa huku mitaani Lamu. Leo ni siku ya sita anachechemea mguu wa mbele wa kushoto. Nimemtazama kuanzia ukwato hadi bega: kidonda hakuna, msumari hakuna, uvimbe hakuna. Siku ya pili kijana mmoja anayezunguka na dawa alimdunga sindano, na jioni yake punda akatembea vizuri, nikampakia tena siku moja na nusu. Sasa hataki hata kukanyaga. Wazee wanasema bega limeteguka, achomwe chuma cha moto. Maulidi yanakaribia na nilitaka ashindane katika mbio za punda. Je, nimchome, au kuna sindano yenye nguvu kuliko ile? — Mwenye punda, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam ndugu yangu. Usimchome, na usimdunge tena. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kuletewa punda ambao majibu yangu yaliwafikia chuma kikiwa kimeshapita.

Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniambia maneno kama haya yako: nimemtazama, kidonda sikioni, basi ni bega. Hiyo "basi" ndiyo inayoniumiza. Kutokuona kidonda hakukuambii lolote kuhusu bega. Kunakuambia tu kwamba kinachouma kiko mahali ambapo jicho halifiki, na kwa mnyama wa jamii ya punda na farasi mahali hapo karibu kila mara ni ndani ya ukwato. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili hata kabla hujaweka shogi la mchanga mgongoni. Mguu wa mbele ukichechemea, anza chini kabisa, na usipande juu mpaka uwe na hakika kwamba chini ni salama.

Ukwato ni kama sanduku gumu. Ndani yake mna mfupa, mna nyama laini yenye damu nyingi na mishipa ya fahamu, na hamna nafasi ya ziada. Wewe ukipata jipu pajani, ngozi inatanuka, unaliona, unalishika. Jipu likitunga ndani ya ukwato, ukuta hautanuki hata kidogo. Usaha unajikusanya, unabana nyama kwenye mfupa, na kila hatua ni kama mtu anayekanyaga kidole chako kilichovilia damu chini ya kucha. Kwa nje ukwato ni uleule wa jana. Ndiyo maana hukuona uvimbe: hauna pa kutokea.

Tena punda si kama mbuzi. Mbuzi akiumia utamsikia mtaa wa pili. Punda huficha maumivu, hutembea nayo, hubeba nayo. Siku uliyomwona anachechemea huenda ilikuwa ya tatu au ya nne ya ugonjwa wake. Punda anapofikia kukataa kukanyaga, kama huyu wako sasa, maumivu yamemshinda.

Sasa nenda kwake. Mwache asimame kivulini nusu saa, kwato zikiwa kavu, kisha weka kiganja juu ya ukwato wa kushoto na kingine juu ya ule wa kulia. Linganisha joto. Halafu pandisha vidole nyuma ya kifundo, pande zote mbili, ambako mishipa ya damu hushuka kuingia ukwatoni. Kwa punda mzima mapigo hapo ni hafifu, utayatafuta kwa taabu. Ukwato wenye jipu hupiga kwa nguvu, utadhani moyo umehamia mguuni. Mara nyingi hayo mawili, joto na mapigo ya upande mmoja, yanatosha kunielekeza kabla sijafungua mkoba wangu.

Baada ya hapo ndipo tunainua mguu. Na hapa niseme: "nimetazama, msumari hakuna" karibu kila mara maana yake ni kwamba mtu aliinua mguu wenye tope, akaangalia, akaushusha. Wayo lazima usuguliwe kwa brashi na maji, kisha ukwanguliwe kidogo kwa kisu cha kwato mpaka pembe safi, yaani ile sehemu ngumu ya ukwato, ionekane. Msumari huingia na kutoka, na tundu lake hujifunga. Kinachobaki ni kidoa cheusi kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, aghalabu kwenye ule mstari mweupe ambapo ukuta wa ukwato hukutana na wayo. Uchafu hupenya hapo hata bila msumari, hasa masika, ukwato unapolowa na kulainika halafu unatembezwa juu ya kokoto na vipande vya matumbawe. Ukwato wa punda umeumbwa kwa nchi kavu. Unanyonya maji kuliko wa farasi, na punda anayelala mahali palipolowa mkojo na samadi hulainika wayo hata kiangazi. Tukibana ukwato kwa koleo kipande kwa kipande, punda huvuta mguu tukifika penye jipu. Hapo ndipo tunapofungua, na hapo pekee.

Tukibaki na shaka, tunatia ganzi kidogo kwenye mishipa ya fahamu juu tu ya ukwato. Ganzi hiyo haifiki begani. Nimewahi kumtia ganzi punda aliyekwisha kuchomwa mabega yote mawili, na dakika 10 baadaye akakanyaga mguu wake sawasawa mbele ya watu waliomshika wakati wa kuchomwa. Makovu begani, ugonjwa ukwatoni.

Wazee hawakudanganyi kwa makusudi. Wanachokiona wanakiona kweli. Mnyama anayeumwa ukwato hufupisha hatua, bega lake linakakamaa, na baada ya majuma kadhaa ya kutotumika msuli wa bega hunywea. Mtu akiona bega limenywea anasema nilikuambia. Lakini lilinywea kwa sababu ya mguu.

Na chuma cha moto kina sifa kwa sababu moja ambayo nataka uielewe vizuri, kwa maana ndiyo inayokifanya kiendelee kizazi hata kizazi. Usaha uliokosa njia ya kutokea chini hutafuta njia ya juu. Hupanda ndani ya ukuta wa ukwato hadi kwenye mpaka wa nywele, au hutokea nyuma kisiginoni, na kupasuka wenyewe, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili. Ukipasuka, maumivu hushuka siku ileile. Sasa fikiria: punda amechomwa bega Jumatatu. Kidonda cha moto hakipakiki mzigo, kwa hiyo mwenyewe anampumzisha. Siku ya kumi usaha unapasuka, punda anatembea, na mchomaji anapata shukrani na malipo. Kile kidonda kidogo juu ya ukwato hakuna anayekitazama, au wanadhani amejikwaruza. Kilichomponya ni mapumziko na tundu alilojitoboa mwenyewe, baada ya siku kumi za mateso ambazo kisu cha ukwato kingezimaliza asubuhi moja. Na hao ndio wenye bahati. Wengine usaha hufika kwenye kiungo au kwenye mfupa, na hapo hata mimi sina la kufanya ila kuwapumzisha moja kwa moja, yaani kuwaua bila mateso.

Kuhusu sindano ya yule kijana. Sijui alichodunga, na nina hakika wewe pia hakukuonyesha chupa. Ilikuwa dawa ya kuondoa maumivu ya aina fulani, kwa sababu punda alitembea jioni ileile, na usaha hauponi kwa saa chache. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimlinda asikanyage jipu. Yalipozimwa, akakanyaga, tena na mchanga mgongoni, siku moja na nusu. Sikulaumu kwa kudanganyika, lakini hali aliyo nayo leo ilitengenezwa siku zile. Sindano kali zaidi itakupa kitu kilekile kwa ukubwa zaidi. Kuna dawa za maumivu tunazozitumia, ndiyo, ila baada ya kufungua jipu, na kwa kipimo cha punda: mwili wake huziondoa baadhi ya dawa hizi upesi kuliko wa farasi, kwa hiyo kipimo cha kukisia hakimfai.

Tena zimo katika mikoba hiyo sindano za steroidi, ambazo hupunguza uvimbe na kumfanya mnyama achangamke. Kwa punda mnene au anayelishwa nafaka zinaweza kuleta ugonjwa mwingine wa kwato, mbaya kuliko jipu: vile vikunjo laini vinavyoushikilia mfupa kwenye ukuta wa ukwato huvimba na kuachia, na mfupa huzama kuelekea wayo. Ugonjwa huo hupenda kushika miguu yote miwili ya mbele. Punda huegemea nyuma, hugeuka kwa shida, hukanyaga kwa kisigino. Ukiona hivyo, au ukiona mikunjo kwenye ukwato ambayo imepanuka zaidi upande wa kisigino, acha pumba, acha mkate na ugali uliobaki, mpe majani makavu, na umwambie daktari kabla hajagusa chochote. Wako ni mguu mmoja, kwa ghafla, baada ya kazi juu ya mawe, kwa hiyo nategemea ni jipu. Lakini sijamshika, na ni lazima ashikwe.

Kufungua jipu si kazi ya kisu cha jikoni. Tundu linalohitajika ni dogo, la kutosha usaha kushuka. Nimeona nyayo zilizochimbwa shimo la kuingia kidole gumba mpaka nyama ikachungulia nje, na pembe ya kujaza shimo kama hilo huchukua miezi kuota, kwa sababu ukwato hukua milimita 6 hadi 10 tu kwa mwezi. Ukishafunguliwa, kazi ya nyumbani ni yako: loweka ukwato katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya haluli, dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, kisha ukaushe na uufunge. Nepi ya mtoto inafaa sana, na juu yake kipande cha gunia na utepe mpana wa gundi. Utepe uishie kwenye ukwato. Ukipanda juu ya nywele na kukaza, utazuia damu. Wengi huanza kukanyaga ndani ya siku mbili. Mzigo bado, mpaka tundu likauke na kuwa gumu. Kuhusu Maulidi sitakuficha: mwaka huu hashindani.

Mwambie daktari pia ampe kinga ya pepopunda. Jina hilo wazee wetu hawakulitoa bure. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa vibaya kabisa na ugonjwa huo, na tundu la msumari lililojifunga, lisilopata hewa, ndipo vijidudu vyake hustawi. Masikio yakisimama wima bila kutikisika, mkia ukiinuka, taya zikikaza, mara nyingi tumeshachelewa. Hao huja kwangu wiki mbili au tatu baada ya "kidonda hakuna".

Kuna watu wanaomwaga asidi ya betri kwenye kwato, wengine mafuta machafu ya injini, eti kukausha. Asidi huunguza pembe na nyama pamoja, na hayo mafuta hufunika uchafu ndani. Kuna wanaotoa damu shingoni. Kuna wanaokata ule mto laini wa pembetatu katikati ya wayo wakidhani ni nyama iliyoota kwa ugonjwa, kumbe ni kiungo chake, kinachompunguzia kishindo. Wote wana jibu kabla ya kuinua mguu. Atakayekuja kwako na dawa mkononi, mwombe kwanza akuoneshe panapouma. Akishindwa, mrudishe na dawa yake. Kenya inayo Bodi ya Madaktari wa Mifugo inayosajili madaktari na wasaidizi wao, na kumwomba mtu akuoneshe usajili wake si utovu wa adabu. Na ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo chini yake kumfanyisha kazi mnyama asiyeweza kwa ugonjwa au jeraha ni kosa. Nakutajia hilo ili ulijue kabla ya jirani kukwambia umpakie nusu mzigo tu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba haya yanatokea Lamu, mji ambao hospitali yake ya punda ilifunguliwa ufukweni tangu 1987 ili watu watibiwe wanyama wao bila malipo. Mji usio na njia ya magari, ambao kila jiwe la nyumba lilipita mgongoni mwa punda, ungekuwa wa kwanza kujua ukwato.

Kesho alfajiri, kabla jua halijakali, mtoe polepole umpeleke kwa daktari, umpumzishe njiani kila anapotaka kusimama. Kama hawezi kabisa, daktari aje kwako. Hakikisha leo anakunywa na anakula, hata ikibidi umpelekee majani pale aliposimama, kwa sababu punda anayeacha kula kwa maumivu mafuta humjaa kwenye damu na anaweza kufa kwa hayo wakati ukwato ungepona. Na kama ana mwenzake wanayelala pamoja, mchukue naye. Punda aliyetenganishwa na mwenzake husononeka na kukataa chakula, naye akiwa karibu atatulia tunapouinua mguu.