Maji ni safi, au bakteria wamekufa?

Mwaka wangu wa kwanza maabara nililetewa sampuli ya maji taka kutoka kiwanda kimoja cha hapa Dar kinachochovya vyuma kwenye kromu. Siku ya tano nikaitoa kwenye kabati la nyuzi 20, nikasoma chupa ya kwanza: BOD (oksijeni ambayo bakteria hutumia wakila uchafu wa majini) miligramu 22 kwa lita. Kikomo chetu cha kumwaga mtoni ni 30. Nikajaza fomu, nikasaini, nikaenda zangu kula chipsi mayai.

Niliporudi bosi akaniuliza, "Bwana mdogo, hizi chupa nyingine umezisoma?"

Sikuwa nimezisoma. Ya kwanza ilikuwa na mililita 30 za sampuli ndani ya chupa ya mililita 300. Yenye mililita 9 ikatoa 100. Yenye mililita 3 ikatoa 310. Maji yaleyale! Kadiri nilivyozimua, ndivyo BOD ilivyopanda.

BOD haipimi uchafu wenyewe. Inapima oksijeni wanayotumia bakteria wakiula uchafu huo. Pakiwa na kromu, shaba, sianidi au klorini, bakteria wanakufa au wanalegea, oksijeni inabaki chupani, nawe unadhani maji ni masafi. Ukizimua, sumu inapungua makali na walaji wanaamka. Ndiyo maana napima na COD kila mara, yaani oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu kwa kemikali, bila bakteria: dikromati na asidi ya moto havijali sumu. Ya sampuli ile ilizidi 700. (Chumvi nayo huidanganya COD, kwa hiyo sampuli za karibu na bahari zina mambo yake.)

Usiweke chupa moja. Weka viwango vinne au vitano vya kuzimua. Klorini iondoe kwa sodiamu salfaiti, kisha ongeza mbegu ya bakteria, maana waliokuwamo wameshakufa. Kwa maji ya vyooni mbegu yoyote nzuri inatosha. Kwa ya viwandani mimi huchota mtoni, kilomita 3 hadi 8 chini ya bomba la kiwanda, ambako bakteria wameshaizoea sumu ile. Na usitulizwe na kipimo cha glukosi na asidi ya glutamiki (mchanganyiko wa kujaribia mbegu, ambao BOD yake inajulikana) kikikupa 198 yako: kinakwambia mbegu ni hai, hakikwambii imepona ndani ya sampuli.

Fomu niliichana. Ripoti ikatoka: "BOD si chini ya 310, kuna dalili za sumu." Mteja akapiga simu kwa hasira, eti maabara nyingine ilimpa 15. Nikamwuliza walizimua mara ngapi.