Maswali ya Sheria: Samansi Kaachiwa Mlinzi

SWALI: Dalali amekuja dukani kwangu Mombasa na ilani ya kukamata mali. Kumbe nilishtakiwa Nakuru kwa deni, na hukumu ikatoka bila mimi kufika. Mpeleka samansi, yaani wito wa mahakama, ameapa kuwa aliiacha kwa mlinzi wa jengo. Nifanyeje?

JIBU: Usikimbilie kueleza kwamba hudaiwi, hilo lina zamu yake. Anza kwa kulipia nakala ya hati ya kiapo ya huyo mpeleka samansi, uisome neno kwa neno. Ni lazima itaje saa na namna samansi ilivyokabidhiwa, na jina na anwani ya aliyekutambulisha kwake, kama yupo. Viapo vingi huanguka hapo hapo.

Amri ya 5 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za Kenya, 2010, yataka upewe wewe mwenyewe au wakala wako aliyeidhinishwa kupokea. Ukikosekana, aweza kuachiwa mtu mzima wa familia anayeishi nawe. Mlinzi si familia, hata kama mnagawana chai kila asubuhi. Kubandika mlangoni kunaruhusiwa ukikataa kutia sahihi, au ukitafutwa kwa bidii usipatikane.

Peleka ombi la kutengua hukumu chini ya cheti cha dharura, yaani hati ya kuomba lisikilizwe haraka, na humo humo uombe utekelezaji usitishwe, maana dalali hasubiri. Ambatisha kiapo chako na rasimu ya utetezi. Omba pia mpeleka samansi aitwe ahojiwe. Samansi ikionekana haikukufikia kisheria, hukumu hutenguliwa kama haki yako. Ikionekana ilikufikia, utategemea hiari ya hakimu: atataka sababu ya kutofika na utetezi wenye hoja, na huenda akakutoza gharama. Ndiyo maana rasimu isikosekane.

Kuhusu Nakuru, kesi hufunguliwa unapoishi au kufanyia kazi, ama pale chanzo cha madai kilipotokea, hata kwa sehemu. Kama malipo yalikuwa yafanyike Nakuru, usipoteze nguvu hapo.

SWALI: Ninayemdai yuko Muscat. Nimtumie samansi kwa WhatsApp?

JIBU: Tangu 2020 kanuni zinaruhusu ujumbe wa simu, kwa nambari ya mwisho inayojulikana na kutumiwa na mdaiwa, na uthibitisho kwamba umefika uambatishwe kwenye kiapo. Lakini kwa aliye nje ya Kenya, omba kwanza kibali cha mahakama. Kiapo cha ombi kiseme yuko nchi gani na kwa nini kesi ni ya huku: mkataba ulifanyika au ulivunjwa Kenya, kwa mfano, au ni ardhi ya hapa. Bila kibali mahakama haina mamlaka juu yake, tiki mbili za buluu zisikudanganye. Isipokuwa ajilete mwenyewe: wakili wake akiingia kesini bila kupinga, amekubali mamlaka hayo.