Maswali ya Wasomaji: "Vumilia, Tunakuona"

SWALI: Msimamizi wangu aliondoka miezi minane iliyopita, nikaambiwa nikaimu nafasi yake. Kazi zangu za zamani bado nazifanya mwenyewe. Nikimuuliza meneja kuhusu cheo hujibu, "Vumilia, tunakuona." Nifanyeje bila kuonekana mkorofi?

JIBU: "Tunakuona" si ahadi. Haina tarehe wala kipimo, na haisemi nani ataamua. Hata hivyo, huenda meneja wako hana nia mbaya. Meneja wa ngazi ya kati mara nyingi hawezi kumpandisha mtu cheo peke yake: panahitajika nafasi iliyoidhinishwa, fungu la mshahara na sahihi ya aliye juu yake. Mafungu hayo kwa kawaida hupangwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza, na anayeomba baada ya bajeti kupitishwa huambiwa asubiri hata kama kila mtu anakiri kuwa anastahili. Kwa hiyo jua kwanza bajeti ya idara yenu huandaliwa mwezi gani, kisha lianzishe suala lako miezi mitatu au minne kabla ya hapo.

Omba kikao cha dakika 30 chenye ajenda hiyo tu. Usimvizie meneja kwenye korido. Nenda na ukurasa mmoja: juu yaorodheshe majukumu yaliyomo kwenye mkataba wako, chini uliyoongezewa, kila moja na tarehe lilipoanza na matokeo yake. "Nimejituma sana" haimpi meneja cha kukutetea nacho kwa wakubwa zake. "Ripoti ya mwezi sasa inatoka tarehe 3, zamani ilikuwa tarehe 10" inampa.

Kisha uliza: nafasi hii imetengewa fedha? Nani anaidhinisha? Mimi napungukiwa nini? Uamuzi utatoka lini? Ukishauliza, nyamaza. Wengi huharibu hapa hapa: kimya kikizidi kidogo wanaanza kumjibia bosi, "najua lakini hali ni ngumu," naye anapata pa kutokea.

Siku hiyohiyo mwandikie barua pepe ya mistari mitano hivi, ukitaja mliyokubaliana na tarehe, na umalizie: "Kama sikuelewa vizuri, naomba unisahihishe." Meneja akihamishwa kesho, anayekuja huwezi kumdai maneno aliyoyasema mwenzake, lakini maandishi angalau utamwonyesha.

Pia zisome kanuni za utumishi za hapo kazini kabla ya kikao. Mara nyingi zina kipengele kuhusu muda wa kukaimu na posho yake, na ni rahisi zaidi kudai kilichoandikwa kuliko kuomba fadhila.

Tarehe ikipita kimya, kumbusha mara moja kwa maandishi. Ikipita ya pili, hilo ndilo jibu. Anza kutafuta kwingine bila kutangaza. Kutishia kuacha kazi wakati huna barua ya ajira mpya mkononi ni kumpa bosi nafasi ya kukuambia, "Haya, nenda."

SWALI: Bosi wangu kila siku ananiletea kazi "ya haraka". Moja ikichelewa, lawama ni zangu.

JIBU: Lawama zitaendelea maadamu unakubali papo hapo. Bosi hakumbuki alichokupa juzi, na wewe ukisema "sawa" anaamini una nafasi. Mjibu kwa orodha: "Nina mahesabu ya kesho na mkataba wa Alhamisi. Hii itanichukua siku mbili. Ipi isogezwe?" Uamuzi unarudi kwake, nawe hujakataa kazi. Ukikadiria siku nne, taja tano. Usitaje kumi, akishagundua kwamba unajipa akiba kubwa hataamini makadirio yako tena. Ukiona utachelewa, sema siku uliyoligundua hilo, pamoja na tarehe mpya. Taarifa inayotolewa asubuhi ya siku ya makabidhiano haimwachii bosi muda wa kujipanga, na hasira zake hapo zina haki.

SWALI: Nitunze vipi kumbukumbu za kazi zangu kwa ajili ya tathmini ya mwisho wa mwaka?

JIBU: Dakika kumi kila Ijumaa zinatosha: ulichomaliza, kwa nani, kilibadilisha nini. Usisubiri mwezi wa tathmini, kwa sababu utakumbuka ya karibuni tu, na bosi vilevile. Andika kwa maneno yako mwenyewe. Nyaraka za mwajiri usizitume kwenye barua pepe yako binafsi, maana hilo peke yake laweza kukufukuzisha kazi.