Mizigo ya maduka ya zamani Mwanza ilipitia Kisumu

Ndugu mmoja amesema bidhaa za maduka ya zamani ya Mwanza zilikuja kwa treni kutoka Dar. Hapana ndugu, mwaka 1910 hazikuja hivyo. Reli ya kati, ile ya kutoka Dar, ilifika Tabora 1912, na huku kwetu Mwanza 1928. Njia ilikuwa Mombasa: treni hadi Kisumu, ambako reli ilifika 1901, halafu meli ziwani mpaka Mwanza. Yaani mji ulikuwa wa Wajerumani lakini mabati, amerikani (kitambaa cha pamba) na mafuta ya taa vilipita kwenye reli ya Waingereza! Nalipenda sana jambo hili, na watoto wetu wangefundishwa. Babu alitusimulia jinsi baba yake alivyopakua marobota ya vitambaa kutoka melini na kuyabeba kichwani hadi kwenye maduka ya Wahindi.

Ila maandishi ya rangi ukutani usiyatumie kukisia umri wa duka, maana yalipakwa upya kila duka lilipopata mwenyewe mwingine. Tazama juu, chini ya paa: mwaka uliochongwa kwenye saruji ndio wa jengo.