Taa zinazojibu sauti na watu: maswali yenu na majibu

Taa inajuaje kwamba nimefika?

Mara nyingi kuna kihisi kinachonasa mionzi ya joto la mwili. Lakini hicho hushtuka tu joto likisogea. Ukisimama tuli, kwake haupo, na taa zinazimika nawe umo ndani. Kazi ya sanaa ya taa inayomtaka mtu atulie atazame, afadhali itumie rada ndogo au kamera inayopima umbali.

Sauti nayo?

Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, programu ikaupima. Wengi hupima ukubwa wa sauti peke yake, na hapo mwenye kelele ndiye mwenye mwanga. Siipendi njia hiyo. Tenganisha besi na sauti nyembamba, mluzi upate rangi yake na mguno yake, hata anayenong'ona aonekane.

Nitajie kazi moja ya kuanzia.

Pulse Room, chumba cha balbu cha msanii Rafael Lozano-Hemmer, mzaliwa wa Mexico, ya mwaka 2006. Unashika vishikio, kifaa kinasoma mapigo ya moyo wako, na balbu iliyo karibu nawe inawaka na kuzima kwa mwendo huohuo. Ukiachia, balbu zote zinazima kwa muda mfupi. Kisha mapigo yako yanahamia balbu inayofuata, na ya waliokutangulia yanasogea nafasi moja. Chumba kizima kinadunda kwa mioyo ya watu waliokwisha kuondoka, na kila mgeni anapoingia, aliye mwisho wa foleni anatoka. Sijaona hoja bora ya kumjibu anayesema sanaa hii ni mapambo tu.

Nimetengeneza yangu, lakini watu hawaamini kwamba taa zinawajibu wao.

Zinachelewa. Kati ya kofi na mwanga isipite sehemu ya kumi ya sekunde, la sivyo mtu haunganishi mambo hayo mawili. Mwanga uwake papo hapo, ushuke taratibu.

LED zangu 100 zinageuka nyekundu mwishoni mwa mkanda.

Umeme hautoshi. Kwenye mikanda mingi ya volti 5, kila LED ikiwaka nyeupe kabisa hula hadi miliampia 60, yaani ampia 6 kwa zote. Tafuta pawa saplai kubwa zaidi, na uingize umeme ncha zote mbili.

Je, zinaweza kumdhuru mtu?

Ndiyo. Mimweko inayozidi mitatu kwa sekunde inaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya wenye kifafa. Weka kikomo ndani ya programu yenyewe, maana watu wakianza kupiga makofi kwa kasi hutaweza kuwazuia, na bandika tangazo mlangoni.