Maswali na majibu: Herufi namba 13 iliyojificha kwenye kanzidata

Assalaamu alaykum. Nimeingiza orodha ya wakulima wa karafuu kwenye MySQL (programu ya kanzidata) kutoka faili la CSV (jedwali la maandishi matupu). Nikitafuta WHERE shehia = 'Gando' sipati hata mstari mmoja, na Gando naiona pale pale. (Msomaji, Wete)

Waalaykum salaam. Usiyaamini macho, iulize kanzidata yenyewe:

SELECT shehia, LENGTH(shehia), HEX(shehia) FROM wakulima;

Gando ina herufi tano. Ukijibiwa 6, na HEX (inayoonyesha namba ya kila herufi kwa mfumo wa 16) ikaishia na 0D, yaani 13 (47616E646F0D), basi herufi namba 13 imeng'ang'ania mwishoni. Excel ya Windows humaliza mstari kwa herufi mbili, 13 na 10. LOAD DATA, amri ya MySQL ya kuingiza faili, usipoielekeza, hukata penye 10 tu, na 13 hubaki kwenye safu ya mwisho. Ndiyo maana majina ya wakulima yako salama, na shehia, iliyo pembeni kabisa, imeharibika. Weka nakala ya akiba, kisha:

UPDATE wakulima SET shehia = TRIM(TRAILING '\r' FROM shehia);

Hapo '\r' ndiyo herufi 13. Tafadhali fanya leo. Ikiingizwa Gando nyingine iliyo safi, GROUP BY, inayokusanya mistari ya ripoti kwa shehia, itahesabu Gando mbili, na mkulima wa watu anaweza kuachwa nje ya orodha ya malipo bila yeyote kujua sababu.

Mimi nilitumia TRIM(shehia) tu, haikubadilika kitu. (Mlandege)

Usipoitajia herufi, TRIM ya MySQL huondoa nafasi tupu peke yake.

Kwani herufi mbili za nini?

Urithi wa teleprinta: 13 ilirudisha kichwa cha kuchapia kushoto, 10 ikapandisha karatasi mstari mmoja. Windows ilibaki nazo zote, Linux hutumia 10.

Skuli yetu hupokea mafaili kutoka kompyuta za kila aina. Niweke LINES TERMINATED BY '\r\n' (mstari uishe kwa 13 na 10) yaishe? (Chake Chake)

Hayataisha. Likija faili moja la Linux, kikomo hicho hakipatikani ndani yake na mistari haitakatwa inavyopasa. Mimi napendelea kupitisha kila faili kwenye dos2unix (programu ndogo inayogeuza 13 na 10 kuwa 10 tu) kwanza, kisha kutumia '\n', yaani 10. Na majina yaliyobandikwa kutoka Word yatazame kwa HEX vilevile: ukiona C2A0 kwenye safu ya UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), hiyo ni nafasi isiyokatika, inayofanana kwa macho na nafasi ya kawaida, na dos2unix haiigusi. Ibadilishe iwe nafasi ya kawaida kwa REPLACE kabla hujatafuta mwanafunzi yeyote.