Si wachimba migodi tu

Je, asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kujengea na kuzuia joto, huwadhuru wachimba migodi na watu wa viwandani peke yao? Hapana. Mafundi umeme, mabomba, useremala na paa wamo, tena wengi waliishika bila kujua. Fundi umeme anatoboa dari apitishe waya, vumbi linamshukia usoni. Fundi bomba anabandua ile kanzu nyeupe ya kuzuia joto iliyovishwa bomba la maji moto. Nyuzi zinaruka, na ni nyembamba mno huzioni.

Walioumia sana ni waliokuwa wakivisha mabomba na boila, hasa kwenye meli. Daktari Irving Selikoff aliwachunguza mafundi wa kazi hiyo New York, na matokeo aliyotoa 1964 ndiyo yaliyowashtua wengi. Makanika pia: breki na klachi za zamani zilikuwa nayo, na ukipuliza vumbi la breki kwa kompresa unalivuta mwenyewe.

Halafu kuna mke anayekung'uta ovaroli kabla ya kufua. Kazini hajawahi kukanyaga, lakini wapo waliopata mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, kwa njia hiyo hiyo.

Ila bati zima la asbesto lililotulia juu ya paa halitoi nyuzi nyingi. Balaa ni kukata, kutoboa, kuvunja na kufagia pakavu. Na ugonjwa huchelewa miaka 20 hadi 40, hata zaidi, kwa hiyo ukienda kwa daktari na kifua mtajie na kazi ulizofanya ujanani, si ya sasa tu.